Kasha Lisilotolewa Zaka

Bi Kazija binti Mjaka alikuwa na ulimi, na hakuwahi kuuficha. Miaka yote aliyokaa juu ya jamvi katika ghala la Khatib Ngwali pale Wete, akichagua karafuu na kutoa makonyo, vile vijiti vyake, vidole vilifanya kazi na mdomo nao ukafanya yake. Aliyependa kusikia alisogea. Asiyependa alisogea vilevile, maana aliyekaa mbali ndiye aliyesemwa.

Khatib alikuwa na utaratibu wake. Kila mwisho wa mwezi alikata kidogo katika ujira wa kila mchaguaji, akakitia ndani ya kasha la mvule lililokaa peke yake chumba cha nyuma, liwe akiba ya atakayechoka. Aliahidi kwamba siku mtu akiacha kazi, yeye naye ataongeza fungu kutoka mfukoni mwake. Bi Kazija aliitegemea akiba hiyo. Macho yalikuwa yakimwishia, konyo na karafuu vikaanza kumfanania, na hakutaka kuzeekea kwa mkwewe akihesabiwa sahani za wali. Alitaka kurudi kwao Konde, akodi kibanda sokoni auze vitumbua.

Bei ya karafuu ikaanguka, na Khatib akaanguka nayo. Wadai wakamshitaki, mahakama ikamweka mfilisi, naye akakusanya kila kitu: magunia, mizani, lori, na kasha pia. Wakili wa wadai akadai kwamba kasha ni mali ya Khatib kama mizani ilivyo mali yake. Wachaguaji ni wadai tu, wangoje mgawo pamoja na wenzao, na wakipata senti chache katika kila shilingi washukuru. Khatib aliapa kuwa zile ni amana za watu, lakini nani anamsikiliza muflisi? Wakili alisema anaficha mali.

Hakimu akauliza kama yupo aliyemsikia Khatib akisema hayo kabla mambo hayajamharibikia. Bi Kazija akasimama.

“N'limsikia mie,” alisema. “Na n'likasirika.”

Akaeleza bila haya. Mwaka mmoja wa neema, Ramadhani, alimwona Khatib akihesabu mali yake atoe zaka. Alihesabu karafuu, akahesabu fedha za dukani, kasha hakuligusa. Basi Bi Kazija akazunguka Wete nzima akimsema kuwa anakula haki ya maskini, mpaka akafika kwa Shehe Bakar kumtaka amkanye. Shehe akamwita Khatib, na Khatib akajibu mbele yao wote wawili: “Pesa hino si yangu, Shehe. Nitaitoleaje zaka mali ya watu?” Shehe akamgeukia Bi Kazija, akamwambia kuwa zaka ya sehemu yake imo shingoni mwake mwenyewe.

Shehe Bakar naye aliitwa, akathibitisha. Wakili akajaribu kusema kuwa labda Khatib alikuwa bahili tu. Watu wakacheka, maana maskini wa Wete walikuwa wakiijua zaka ya Khatib vizuri kuliko wakili.

Hakimu akaamua kasha litoke katika mali ya kufilisiwa, kila mchaguaji apewe chake. Lile fungu ambalo Khatib aliahidi lakini hakuliweka ni deni kama madeni mengine, wakalingoje pamoja na wadai. Bi Kazija hakulingoja. Alipanda lori la Konde akiwa na furaha ya msichana, na wiki ile ile mafuta yake yalikuwa yakichemka sokoni.

Mwaka ulipotimia alihesabu alichobaki nacho, akatenga zaka, akaifunga pembeni mwa leso yake, akarudi Wete. Alimkuta Khatib katika chumba cha kupanga, bado anasakamwa na wadai. Alifungua fundo akazimimina fedha mapajani mwa Khatib.

“Zaka, Bi Kazija?” Khatib aliuliza. “Mie n'liyekuwa nikitoa?”

“Mwenye kudaiwa naye ana haki yake katika zaka. Nishamuuliza Shehe.”

Khatib akalia, na mama yule akakaa naye mpaka alipotulia. Kisha akarudi Konde kwenye vitumbua vyake, na kwa ulimi wake wote ule, jambo hili hakumwambia mtu. Sisi tulilisikia kwa Khatib mwenyewe.