Panele za Papa zilizojaza betri hata siku za mvua

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimeona mnabishana kama kweli mtu anaweza kutoa umeme wa ziada wa sola yake akapunguziwa bili. Jamani! Sisi Kindu tulifanya hivyo enzi za Zaire, wengi wenu hamjazaliwa. Sitii chumvi, na kama kuna mtu wa mtaa wetu wa Mikelenge humu, anisahihishe.

Papa, yaani baba yangu, alikuwa fundi wa reli. Mzungu mmoja wa machimbo ya Kalima alipofungasha kurudi kwao, Papa alinunua kwake panele mbili. Mama alinuna wiki nzima, maana hela ile ilikuwa ya mabati ya nyumba.

Papa alizipenda panele zile, nyie! Kila asubuhi yuko juu ya paa anazifuta vumbi. Tatizo betri yetu ilikuwa chakavu, inaendesha redio tu. Mchana jua lote lilikuwa linapotea bure.

Jirani yetu Papa Kambale, mfanyabiashara kutoka Butembo, alikuwa na duka, malori mawili na jenereta. Jioni saa kumi na mbili mpaka saa tatu aliwasha, akauzia umeme nyumba za jirani. Kila mwezi unalipa.

Wakapatana hivi: mchana Papa anamchajia betri za malori kwa sola, yeye asichome mazutu, yaani dizeli. Kila betri iliyojaa, mstari mmoja wa mkaa kwenye ukuta wa duka. Mwisho wa mwezi mistari inapunguza bili yetu ya taa.

Kupima? Unagusisha nyaya kwenye balbu ya taa ya lori. Ikiwaka vizuri, mstari. Mita yetu ndiyo hiyo, msicheke.

Sasa mwaka huo mimi nilikuwa darasa la mwisho la sekondari, mtihani wa diploma, ule wa kumaliza sekondari, mbele yangu. Mshahara wa reli ulikuwa haujatoka miezi kadhaa. Yaani taa yangu ya kusomea ilitegemea ile mistari tu.

Halafu mvua ikaanza. Mawingu juma zima, juma la pili, la tatu.

Papa, mtu wa msimamo, akasema mbele yetu sote, "Jua likikosa, tunakata waya wa taa. Miye siombi muntu."

Nililia chumbani, siwafichi.

Lakini ajabu, betri zikawa zinajaa! Kila jioni Papa anazirudisha dukani, balbu inawaka pwaa, mstari. Papa akaanza kujigamba hadi msikitini. "Hizi panele zangu, hata kwenye mvua zinapika umeme!"

Siku moja Papa alikuwa salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka barabara. Nikaenda mwenyewe na toroli kuchukua betri "tupu" kwa Papa Kambale. Kufika nyumbani, kabla sijaiunga, nikaigusisha kwenye balbu nijue tunaanzia wapi.

Ikawaka karibu initoe macho.

Nikarudi mbio. Papa Kambale akanivuta nyuma ya magunia ya chumvi.

"Nyamaza, binti. Mimi njo ninazijaza na jenereta yangu. Baba yako akijua, leo leo anakata waya. Wewe soma."

Nikanyamaza. Nilijisikia vibaya kila Papa alipopanda kufuta panele zake kwenye manyunyu, kwa furaha, anaimba. Lakini nikasoma.

Nikafaulu. Jina langu lilibandikwa shuleni, Mama akapiga vigelegele barabara nzima, yeye yule aliyenuna kwa mabati.

Ningekaa na siri yangu mpaka leo. Ila rafiki wa Papa, Mzee Amisi, akaja nyumbani anasema anauza baiskeli yake aende Kalima kutafuta panele kama hizo, zinazojaza betri kwenye mvua. Baiskeli ndiyo ilikuwa inamlisha. Papa anamhimiza!

Nikashindwa. Nikamwambia Papa yote, Mzee Amisi akiwa palepale.

Papa hakunigombeza. Aliinuka, akalowesha kitambaa, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa duka, akaanza kufuta mistari. Nikamfuata.

Papa Kambale akatoka. "Papa Zainabu," akamwita kwa jina langu, "unafuta nini?"

"Mistari ya siku za mvua. Jua halikuwepo. Ile ilikuwa mazutu yako. Nitalipa yote."

Papa Kambale akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Kumbe huyu mutoto iko wako peke yako?"

Wakuu, Papa yangu akaacha kufuta, kitambaa mkononi, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Halafu akamshika Papa Kambale mkono, hakuuachia. Sijawahi kumwona analia kabla ya siku ile.

Basi, nilichojifunza: kabla hamjauliza mita na mikataba ya umeme wa ziada, mjue kwanza aliye upande wa pili wa waya. Mimi wangu alikuwa Papa Kambale, na diploma yangu nusu ni yake. Nawapenda wote wawili mpaka kesho.

Wenye majirani wa namna hii wawataje hapa chini, nami nitawasoma. Wa kusema natunga, leteni hoja, ila kwa adabu, maana Mama bado yuko hai na ana mdomo.