Baba Alianzia Kushoto

Baba alikifungua kitabu changu upande usio wake, nami nikamwacha.

Kilikuwa kitabu cha katuni cha Kijapani, cha mwisho katika mfululizo wa vitabu tisa. Hadithi yote nilikuwa nimeshaisoma kwa Kiingereza kwenye simu, nikalia hadi walimu wenzangu wakadhani nimefiwa. Mwalimu wa sekondari, mtu mzima na akili zangu, namlilia mzee wa kuchorwa! Rafiki yangu aliyesoma Japani ndiye aliyeniletea kitabu chenyewe. Maandishi yake sijui hata herufi moja, ila picha zilinitosha. Vitabu vya huko huanzia kulia kwenda kushoto. Baba hakujua, na hakuuliza.

Juma lile nyumbani kwetu, juu kidogo ya mji wa Lushoto, hakuna aliyekuwa akila vizuri. Baba alikuwa na uvimbe kwenye utumbo. Hospitali ya mkoa ilimpa nafasi ya upasuaji Jumatatu, na daktari alinieleza bila kuzunguka: asipokuja, utumbo utaziba. Baba alikataa. Kaka yake aliwahi kuteremka mlima huu kwa miguu yake kwenda kupasuliwa, akapandishwa ndani ya jeneza. "Mimi nitafia kitandani kwangu," alisema, na akishasema hivyo anageukia ukutani. Mchungaji alikuja akaomba, akaondoka. Kaka zangu walipiga simu kutoka Dar es Salaam wakipokezana kumsihi. Mimi nilimsomea karatasi ya daktari mara tatu, kwa sauti yangu ya darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama maharage yameshapaliliwa.

Alhamisi, kwa kuchoka kulala, akakiokota kitabu changu mezani.

Hadithi yenyewe ni ya mzee mwenye mkuki, mlinzi wa daraja katika nchi ya baridi isiyokatika mvua, na mwanafunzi wake, msichana mwenye mabawa. Katika kitabu hiki mzee anavuka daraja mara ya mwisho, anaugua, msichana anamlisha uji, anakufa, anazikwa. Kurasa nyingi za mwisho hazina neno: msichana anatembea peke yake kwenye theluji, kaburi likiwa nyuma yake. Nilikipenda kwa sababu hakimdanganyi mtu. Hakuna muujiza. Aliyekufa amekufa, na aliyebaki bado ana njia ya kwenda.

Jioni baba akaniita. Mwezi mzima sikuwa nimeyaona macho yake yakiwa maangavu vile.

"Huyu mzee alishakufa kabisa," akaniambia, akinionyesha kwa kidole. "Binti wa mabawa akaja na baridi yote hii. Tazama, watu wako na majembe, wanafukua. Wakamtoa, wakamlaza, akalishwa uji. Hapa amekaa. Hapa kasimama. Hapa anavuka daraja na mkuki wake!" Akacheka, akajishika tumbo kwa maumivu. "Kumbe Wajapani nao wanaujua ufufuo."

Kwanza nilikasirika. Nilitaka kumwambia ameigeuza hadithi yangu kichwa chini miguu juu. Kisha akasema, taratibu, kwamba labda Jumatatu angekwenda. Nikayameza maneno yangu yote.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Ni hadithi nzuri."

Kuanzia hapo sikuwa na raha. Alikiweka kitabu chini ya mto, na kila mgeni aliyekuja kumjulia hali alisimuliwa. Mama akaanza kumpangia nguo kwenye begi bila kusema lolote, akiogopa asije akabadili mawazo. Na mimi nilijichukia. Nilikuwa nampeleka baba kwenye kisu kwa tumaini ambalo mchoraji hakulichora. Akifia huko je? Lakini kila nilipotaka kusema ukweli, nilikumbuka utumbo unaoziba.

Jumapili alasiri akaja rafiki yake wa siku nyingi, mzee Mwislamu tunayepakana naye mashamba. Ujanani walipima majani ya chai kwa mizani pamoja, kwenye mashamba ya Bulwa. Nikampa shikamoo, nikamwekea kiti karibu na kitanda. Baba akamkabidhi kitabu kwa fahari. "Tazama mwenyewe, usiniulize."

Mzee akavaa miwani. Akakigeuza kitabu, akakifungua kutoka kulia, kama alivyozoea tangu madrasa. Nilikuwa nimesimama na birika mkononi, na Mungu anisamehe, nilitamani kummwagia chai ili tu akiache. Akafunua ukurasa mmoja mmoja. Daraja. Kitanda. Uji. Alipofika kaburini akavua miwani.

"Inna lillahi," akasema. "Mbona amekufa?"

Baba akamkazia macho. "Wewe umeanzia wapi?"

"Kulia. Si ndiyo mwanzo wake? Namba hizi hapa."

Baba akakichukua, akazifuata namba za kurasa kwa kidole. Aliyesoma mizani miaka yote ile habishani na namba. Kisha akanitazama mimi.

"Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Siku zote hizi?"

"Tangu Alhamisi."

"Na ukanyamaza. Kwa nini?"

Nikaanza tena yale yale: daktari amesema, karatasi inasema. Akanyanyua mkono.

"Daktari nimeshamsikia. Kaka zako nimewasikia. Nakuuliza wewe."

Mkono ulikuwa ukinitetemeka, nikaliweka birika chini. Kwa Kiswahili nilikwama. Yakanitoka kwa Kishambaa, kwa sauti ya mtoto. Nikamwambia sitaki afe. Nikamwambia naogopa, na kwamba hata akifia kwenye kisu, nataka awe amejaribu kubaki na sisi. Nilikuwa na miaka thelathini na minne na sikuwahi kumwambia baba maneno ya namna hiyo, wala yeye hakuwahi kuniambia. Rafiki yake akajifanya anafuta miwani.

Baba akakifunga kitabu, akanirudishia.

"Mwezi mzima mnanisomea karatasi," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyeniambia hilo."

Akamgeukia rafiki yake. "Kesho asubuhi njoo unishike mkono mpaka kwenye gari. Huyu nikimwachia peke yake tutaanguka wote, ona anavyotetemeka."