Stika Nyeusi ya Dirishani

Nimekata vioo miaka ishirini na mbili, na hakuna kinachonikera kama mtu kunifundisha kioo. Mikononi nina makovu kumi na moja, yote ya mwaka wa kwanza. Mtaani wananiita Fundi Mwanga, kwa sababu nikishaweka dirisha chumba cha mtu kinachangamka.

Binti yangu tunamwita Kasuku, maana alikuwa hanyamazi. Alipofika miaka minne, jua la dakika kumi tu lilimtoa malengelenge usoni, na madoa yakamjaa puani kama aliyenyunyiziwa majani ya chai. Daktari wa ngozi akatuweka chini. Jua, alisema, linaharibu DNA ya kila mtu, kila siku. Ila ndani ya seli kuna protini zinazoshikamana na kufanya kazi pamoja: moja inagundua palipoharibika, nyingine zinafungua uzi wa DNA, nyingine zinakata kipande kibovu, nyingine zinaziba pengo.

"Kumbe ni mafundi," nikasema.

"Ni mafundi. Kwa mwanao, mmoja hafanyi kazi, na wenzake wanakwama. Jua likimpata, uharibifu unabaki, unarundikana, mwisho wake ni saratani. Huyo fundi hatuna dawa ya kumrudisha. Tunachoweza ni kuzuia jua."

Akaniandikia jina la stika ya kubandika madirishani. Naijua. Haina rangi, unaona ng'ambo yote. Nikacheka moyoni: kitu kinachopitisha macho kitazuia jua? Nikanunua tinti nyeusi ya magari, ya bei rahisi, nikabandika nyumba nzima bila kuacha hata povu moja la hewa.

"Baba Kasuku, ndiyo aliyoandika daktari?" mke wangu akauliza.

"Kati yangu na wewe nani fundi wa vioo?"

Akaokota mabaki ya tinti, akaenda kuyatupa. Kasuku, polepole, akaacha kelele zake. Miaka miwili alichezea chini ya dirisha la sebuleni, kwa sababu hapo ndipo alipoona walau vitu vyake.

Mwezi uliopita kidonda kikamtoka puani, kikakataa kupona. Wakakikata, wakakipima. Saratani. Daktari akauliza kama mtoto anatoka nje, nikasema hatoki kabisa. Basi akamtuma muuguzi nyumbani na kipimo cha ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Muuguzi akakishika dirishani, namba zikapanda. Akakiweka sakafuni, pale palipokuwa na wanasesere. Bado zilikuwa juu.

"Hii imezuia mwanga unaouona tu, baba," akasema. "Miale yenyewe inapita."

Akatoa mkobani kipande cha stika isiyo na rangi, akafunika kipimo. Sifuri.

Mke wangu hakuniangalia. Ningeshukuru angenitukana. Mimi nilikufa ganzi, sikusikia hasira wala aibu. Nilielewa tu kwamba jua la miaka miwili limo ndani ya mwanangu na hakuna fundi wa kulishughulikia.

Kesho yake Kasuku na mama yake wakakaa stoo, isiyo na dirisha, nami nikabandua nyeusi yote na kubandika ile ya daktari. Muuguzi akapita na kipimo chumba kwa chumba, kisha akasema mtoto atoke stoo.

Akasimama katikati ya sebule iliyojaa mwanga, amekunja macho.

"Baba, kumbe ukuta wetu ni wa kijani?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Siku zote."

Akaanza kuuliza. Hiki rangi gani, na kile, na shati lako, na kucha za mama. Alikuwa hanyamazi tena. Nilimjibu kimoja kimoja, macho yangu yakiwa kwenye plasta ya puani mwake, na bado moyoni sikusikia kitu.