Matandiko ya Chatu

Mimi kazi yangu ni kutandika vitanda. Nipo nyumba ya wageni moja pale Chikongola, vyumba kumi na vinne, na kwa miaka yote niliyokaa pale hakuna mgeni aliyelalamikia shuka. Wamelalamikia maji, mbu, feni, na mmoja alilalamikia adhana. Shuka, hakuna. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani kwamba yaliyonikuta yaliletwa na uchafu. Yaliletwa na usafi.

Mjomba wangu, kaka yake marehemu mama, anacheza ngoma na chatu. Anaishi kijijini, mbele kidogo ya Madimba, katikati ya mikorosho yake. Harusi, sherehe za jando, kiongozi akija kuzindua kisima, mjomba anaitwa. Anajizungushia chatu shingoni, anapiga miguu chini mpaka vumbi linasimama, watu wanakimbia, halafu wanarudi kuangalia. Mke wake alishafariki na hawakujaliwa watoto. Chatu yupo kihalali. Kibali chake kimefungwa kwenye nailoni pamoja na kadi ya mjomba ya kliniki ya sukari. Hiyo kadi ya sukari ndiyo chanzo. Kidonda kilimtoka mguu wa kulia, kikagoma kupona, akapewa barua ya kwenda kutibiwa Dar es Salaam.

Alikuja kwangu Mtawanya na begi moja na sanduku moja la mbao lenye matundu. Begi lilikuwa la kwake.

"Kaa naye mpaka nirudi," akasema. "Huyu akifa, mwanangu, mimi sina cha kurudia. Nakwambia kabisa."

Nilikasirika. Mimi damu yake nimesimama hapo nimeshika birika la chai, ananiambia duniani amebakiwa na nyoka. Lakini mjomba ni mjomba, kwetu humkatalii. Nikasema sawa.

Alipoondoka nikafungua sanduku. Astaghfirullah! Chini kulikuwa na majani makavu ya mkorosho, yamelaliwa mpaka yameshikana, yananuka udongo na nyoka. Chatu mwenyewe, unene wa mkono wangu, alikuwa amejifukia humo, kinaonekana kipande cha mgongo tu. Nikajisemea, ndivyo wanaume wanavyoishi wakifiwa na wake zao. Nikamsogeza kwa mpini wa fagio, akahamia kwenye beseni bila ubishi. Ni mpole kuliko wageni wengi ninaowajua. Majani nikayachoma yote.

Nikasugua sanduku kwa sabuni na dawa ya madoa, nikalianika juani. Nikaenda kwa fundi seremala wa mtaani, akanipa maranda mapya, yale wanayotandikia vifaranga, nikayachekecha kwa chekecheke la unga mpaka vumbi likaisha. Kisha nikayafukiza udi. Mgeni akija unafukiza udi, na sijawahi kusikia kwamba ni kwa mgeni mwenye miguu tu. Nikamrudisha chatu ndani. Akapiga chafya. Sikuwa najua kwamba nyoka anapiga chafya.

Na kila asubuhi kabla sijaenda kazini nilitoa maranda ya jana nikaweka mengine. Kazini kwetu shuka hubadilishwa kila siku, mgeni awe amelala au amekesha.

Hakula. Nilimpelekea panya wa shambani, wale ambao mbele ya wageni tunawaita samaki nchanga, wanono kabisa. Niliwanunua kwa mama mmoja ambaye alidhani nawapika, akanielekeza na namna ya kuwaunga kwa nazi. Chatu akatoa ulimi, akaupitisha juu ya maranda, akaurudisha, akageukia ukutani. Nikajaribu kifaranga, ikawa vilevile. Nikahisi labda ni harufu ya mbao, nikamtandikia magazeti. Nikaona magazeti ni magumu, nikamletea shuka kuukuu ya kazini na kuipiga pasi. Akajikunja kwenye kona juu ya shuka ile, mwili wote uko wazi, kama mtu aliyeachwa na basi. Ngozi ikaanza kumlegea.

Nikamwita bwana mifugo. Hakuvuka kizingiti. Alinyoosha shingo, akatazama, akasema yeye ni wa ng'ombe, mbuzi na kuku, ila kwa alivyomwona kwa mbali, huyu hana kideri cha kuku. Nikamshukuru. Kilikuwa kitu cha kwanza cha uhakika tulichokipata.

Mjomba alikuwa ananipigia kila Ijumaa baada ya swala. Ijumaa ya kwanza aliuliza kama amekula, nikamjibu bado, anazoea, na nikamlalamikia kwa kirefu habari ya yale majani yake. Ijumaa ya pili sauti yake ilikuwa nyingine. Madaktari walitaka kumkata mguu chini ya goti, na upesi, la sivyo kidonda kingemmaliza. Karatasi ya kukubali ilikuwa pale kitandani kwake. Hakuwa ameweka sahihi.

"Mguu wenyewe ndio wa kuchezea," akasema. "Sasa mguu hakuna, na nyoka naye hakuna, nirudi kufanya nini? Niambie. Amekula?"

Sanduku lilikuwa mbele yangu. Panya wa jana alikuwa juu ya shuka, hajaguswa, na chatu amempa mgongo.

"Amekula," nikasema. "Kamaliza mpaka mkia."

Akasema alhamdulillahi, akakata simu. Siku ileile akasaini, na kesho yake wakamkata.

Ijumaa ya tatu nikamwambia amekula. Ya nne nikamwambia amekula na anataka kuongezewa. Mimi si mwongo, waulize wa kazini, lakini kwa mjomba niliongopa bila hata kumeza mate. Niliogopa. Nyoka sikumwogopa tena. Niliogopa mjomba aingie na mguu mmoja akute sanduku tupu, na aliyemfanya aukate huo mguu ni mimi.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda kijijini kwake, nione yule chatu alikuwa anaishije. Nikamkuta jirani yake, bibi wa makamo anayemwangalizia nyumba, nikamweleza kila kitu: sabuni, maranda, udi, pasi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mjomba wako hayatoi yale majani," akasema. "Anatoa kinyesi kwa koleo, basi. Mengine anayaacha mpaka nyoka ajivue gamba. Yule ananusa kwa ulimi, mama. Akionja majani yake, akijifukia, ndipo anajua yupo kwake, anakula."

Kumbe kila asubuhi nilikuwa namhamisha nyumba, tena kwa udi. Nani anakula siku anayohamishwa?

Nikajaza kiroba kizima cha majani makavu chini ya mikorosho, nikachanganya na udongo kidogo wa palepale. Nyumbani nikayamwaga yote kwenye sanduku, mengi, ya kumfunika. Sikuchekecha. Sikufukiza. Chatu akaingia chini yake akapotea, nami nikafunika sanduku na kuondoka. Nikakaa siku nane bila kugusa kitu isipokuwa bakuli la maji. Wallahi mikono iliniwasha. Kila nikipita pale naisikia ile harufu, na mimi ndiye mtu anayenusa foronya kabla mgeni hajalipa.

Siku ya tisa niliweka panya juu ya majani, nikasimama mlangoni. Majani yakatikisika. Kichwa kikatokea upande ambao sikuutegemea, panya akadakwa, na baada ya muda kidogo nikaona uvimbe unashuka taratibu chini ya ngozi. Nilipiga kelele majirani wakaja wakidhani ni msiba. Nikawaambia amekula. Wakarudi kwao wamenuna.

Mjomba alirudi akiwa na magongo mawili na suruali imekunjwa na pini chini ya goti. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamkalisha, nikamletea chai. Hakuigusa. Akaomba sanduku. Akaingiza mikono kwenye majani, akamtoa chatu, akamweka shingoni, akaanza kumpapasa uti wa mgongo kwa kidole gumba, polepole, kutoka kichwani hadi mkiani.

"Huyu tangu niondoke amekula mara mbili," akasema.

"Mara tatu," nikasema. Kwenye simu nilimhesabia nyingi zaidi, kwa hiyo tayari nilikuwa nimejitaja.

"Ijumaa ile ya karatasi hakuwa amekula."

"Hakuwa."

"Nilijua," akasema. "Wewe tangu mdogo ukisema kweli lazima ulalamike. Siku ile hukulalamikia kitu chochote."

Nikamuuliza, sasa kama ulijua, mjomba, mbona uliweka sahihi?

Akamtazama chatu, hakunitazama mimi.

"Nilikuwa natafuta kama nina cha kurudia. Nikaona kuna mtu ananiongopea, tena siku ya Ijumaa, katoka kuswali, ili tu nisife. Nikasema, basi kipo. Nikaomba kalamu."

Nikamwambia anywe chai, inapoa. Nikaingia jikoni nikalia kwa sauti, na sikujali kama anasikia.