Sweta Ninayoifumua

Nilijifunza kufuma baada ya kustaafu udereva wa lori, na sikuwa na sababu yoyote. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa hapa Kilolo hawaamini. Nilimwona jirani yetu, mama mmoja wa Kibena, akizungusha uzi kwenye sindano mbili ndefu, nikataka kujua kitambaa kinatokeaje pale. Basi. Alinifundisha huku akicheka mpaka machozi.

Nikimaliza sweta, naifumua. Uzi ni uleule wa kijani, na kila nikianza upya najaribu mchoro mgumu zaidi. Mke wangu jambo hilo lilimkera sana.

"Baba watoto, mwanaume mzima unashinda barazani na sindano, halafu huvai wala huuzi! Watu watatuonaje?"

Watuone. Lori niliendesha kwa sababu watoto walitaka kula. Hili sikutumwa na mtu.

Akaenda kwa mwalimu mkuu bila kuniambia, akarudi na oda ya sweta za shule pamoja na uzi wake. Za bluu, zote sawasawa. Nilikubali ili nyumba itulie. Ya kwanza niliifuma vizuri. Baada ya hapo nikaanza kuangalia saa, mimi ambaye nilikuwa nasahau hata chakula. Nikawa naamka asubuhi, nikiyaona yale madonge ya uzi wa bluu moyo unakuwa mzito, kama zamani nilipokuwa napandisha mlima Kitonga na gari bovu. Niliogopa. Kitu pekee nilichokipenda kwa hiari yangu kilikuwa kinanifia mikononi.

Nikaufunga uzi kwenye mfuko, nikaurudisha shuleni pamoja na sweta zilizokwisha. Mwalimu mkuu alinishangaa.

"Mzee, kipaji kama hiki unakiacha kipotee bure?"

Nikamwambia sina kipaji, nina hamu, na hamu yangu haijaajiriwa na shule yake. Nikaondoka.

Nyumbani mimi na mke wangu tulinuniana siku kadhaa. Alipika, nikala. Nami sikuomba msamaha, maana sikuona kosa. Nilirudi barazani na uzi wangu wa kijani.

Mchana mmoja wa mvua alikuja akaketi kando yangu. Aliiangalia mikono yangu kwa muda mrefu, kisha akachukua sindano za akiba.

"Huo mchoro wa misuko unaanzaje?"

"Unataka kumfumia nani?"

Akanikata jicho. "Nimekwambia nataka kumfumia mtu?"