Mngurumo Nyumbani kwa Béatha

Oktoba 1990, vita vilipokuwa vimezuka kaskazini na Kigali ikisakwa nyumba kwa nyumba, Béatha Gahongayire, mshonaji wa Nyamirambo, alichongewa na jirani yake kwamba anaficha redio ya kumpelekea adui habari. Ushahidi ulikuwa mngurumo usiokoma na mwanga wa buluu dirishani.

Askari wawili walipoingia, mimi, mteja wake, nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, nikipimwa gauni lililojaa pini.

Kilichonguruma kilikuwa pampu ya hewa ya tangi la samaki, na mwanga wa buluu ulikuwa wa taa yake. Mumewe Ismaël, dereva wa lori, alimletea kutoka Dar es Salaam samaki wa miamba, mweusi, mwenye madoa meupe mwili mzima, ambaye hata wavuvi waliomuuza hawakukubaliana jina lake. Tangu hapo kila safari alirudi na madumu ya maji ya bahari. Béatha hakuwahi kuiona bahari. Kila asubuhi aliionja kwa ncha ya ulimi kabla ya kugusa cherehani.

"Mama, hii mashini iko inaongea na nani?" aliuliza askari mkubwa.

"Inampulizia samaki hewa, afande."

"Samaki anakaa ndani ya maji. Hewa ya nini?"

Mwenzake alipiga teke dumu. "Na hii?"

"Maji ya bahari."

"Kwani Kivu imekauka?"

Mkubwa alikunja mkono wa shati, akautumbukiza kwenye tangi ili apekue nyuma ya mawe. Samaki alifanya kama wafanyavyo wa jamii yake wakitishwa: aliingiza kichwa shimoni, akaacha nje mkia wenye doa la duara mfano wa jicho. Anayeutazama huona kichwa cha mkunga, yule samaki mrefu mwenye meno. Askari, ambaye naye hakuijua bahari, aliona nyoka. Aliuchomoa mkono upesi.

"Umeweka nyoka alinde redio."

"Ni mkia tu, afande."

"Basi toa mawe wewe. Redio ikionekana, tunakwenda wote uwanjani."

Uwanja wa mpira ndiko walikofungiwa waliokamatwa wiki ile, na wake zao walikuwa bado wakizunguka mjini kuwaulizia. Béatha alizamisha mkono hadi kwapani, akatoa jiwe baada ya jiwe, akayaweka juu ya kitambaa cha mteja. Samaki, akiwa hana tena pa kujificha, alijibanza kwenye kona ya kioo. Nyuma ya mawe hapakuwa na kitu.

Askari hakuomba radhi. Alisema mngurumo umeripotiwa, kwa hiyo hawezi kurudi mikono mitupu: ataondoka na pampu au na mama mwenyewe. Katika sheria zote nilizosomea sikuwahi kukuta mizani ya namna hiyo, na aliyeishika hakuwa hata na haya.

Béatha alichomoa waya, akauzungusha vizuri, akamkabidhi pampu. Walipotoka alichukua jagi, akachota maji ya tangi na kuyamimina kutoka juu ili yachukue hewa. Akachota tena.

"Dada, nikichoka utanipokea."

Nilimpokea. Tulimimina kwa zamu hadi kesho yake mchana, samaki alipolala ubavu. Béatha aliweka jagi chini, akasikiliza nyumba isiyonguruma tena.

"Sasa jirani atalala," alisema.