Mama Furaha wa Nyuma ya Pazia

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Nilikuwa na shahada ya fizikia, na niliamini nitakabidhiwa mashine ya kujaza chumba. Daktari Mkuu wa kituo chetu cha Birere akanipa kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni.

"Mashini ndiyo hii, Monsieur l'Ingénieur," akasema. "Usiiangushe."

Kifaa kile kilikuwa na vihisio, ncha ndogo zinazopima ugumu kama vidole. Muuguzi alikibonyeza kwenye titi, akakisogeza polepole kama anayepiga pasi, na kwenye tableti ikatokea ramani: kijani palipo laini, nyekundu palipo pagumu. Hakikutaja saratani. Kilisema tu kwamba hapa pana kitu, mgonjwa apelekwe ekografia, picha ya mawimbi ya sauti, kisha kikatwe kipande kidogo cha nyama kikapimwe.

Kwa kuwa mimi ni mwanaume, Mama Zawadi, muuguzi wetu, alikuwa ndani ya pazia na mgonjwa, nami nilikaa nje na tableti, nisione hata uso wake. Katika daftari tuliandika majina kama yanavyoitwa kwetu, kwa mtoto wa kwanza: Mama Neema, Mama Furaha. Nilihamishiwa Himbi, kisha Lac Vert, kisha nikarudishwa Birere, na kote nilitazama kitambaa cha pazia. Nilijua ramani za vifua vya nusu ya mji, na sokoni hakuna aliyenisalimu.

Ijumaa moja akaingia Mama Furaha. Kwenye ramani yake likatokea doa jekundu, kubwa kama haragwe.

"Papa wa mashini," akaniita kutoka ndani, "uko unaona nini? Umenyamaza kama padiri anasikia zambi. Ao titi yangu imekupendeza?"

Mama Zawadi akacheka. Mimi sikucheka. Kanuni ilikuwa kwamba kumwambia mgonjwa ni kazi ya daktari, na Daktari Mkuu alikuwa mkutanoni.

"Mama, rudi lundi," nikasema. "Docteur atakuelezea."

"Lundi? Muzuri. Nitakuletea na sahani ya sombe, labda utaongea."

Jumamosi volkano ikalipuka. Jumatatu, lundi niliyomwahidi, ardhi ilikuwa bado inatetemeka, na Mama Furaha hakuja. Siku chache baadaye tukaamriwa kuhama. Mama Zawadi, aliyeuona uso wake, akavuka mpaka na watoto wake, asirudi. Mimi nikabeba kifaa, tableti na daftari, nikafuata msururu wa watu hadi Sake.

Huko, katika kanisa lililojaa wahamaji, mchungaji akaita kwa ombi langu: "Mama Furaha wa Birere!" Wakasimama kumi na mmoja. Nikauliza ni nani kati yao aliyepimwa na mashini Ijumaa ile. Wote wakainua mikono. Mtu mwenye daftari mahali kama pale hudhaniwa ni mtu wa kugawa msaada. Sikuwaza hilo, pamoja na shahada yangu yote.

Nikawaomba waseme mmoja mmoja, kwa kuwa nilimjua kwa sauti tu. Hakuna sauti niliyoitambua.

"Papa," mmoja akaninong'oneza, "hata kama si mimi, andika tu."

Bibi mmoja akakubali kushika kifaa nyuma ya kitenge, nami nikageukia ukuta. Ramani zote kumi na moja zilikuwa kijani. Sijawahi kusikitishwa na habari njema kiasi kile.

Tuliporudi mjini nilizunguka vichochoro vya Birere. "Mama Furaha gani?" waliniuliza kila mahali. Mwishowe nikaungama kwa Daktari Mkuu.

"Ulifuata kanuni," akasema.

"Ndiyo, docteur."

"Sasa unataka nikuazibu?"

"Ndiyo, docteur."

Akafungua droo ya meza, akaifunga. "Hakuna fomu ya hiyo."

Kisha waasi wakaingia mjini, kituo kikaporwa, na kifaa kikaondoka na mtu ambaye nadhani alikidhani simu. Nikastaafishwa kabla mvi hazijamaliza kazi yake. Naishi peke yangu Himbi, chumba kimoja. Vijana huniuliza kuhusu vihisio, nami huwaeleza vizuri.

Jumapili kanisani, nikifika kwenye jina la Mama Furaha katika sala, sijui nimwombee apone au apumzike. Basi naomba yote mawili, namwachia Mungu achague.